Mkunjo kwenye Waya

Huyu rafiki yangu ni fundi wa intaneti, na si mtu wa kuzua. Alikuwa na kipimo chake, kinachoonyesha waya umeharibika umbali gani, kwenye chumba cha chini cha jengo, akitafuta hitilafu ya waya. Shemeji yake, ambaye naye hawapikiki chungu kimoja, alitumwa kwenye shimo la barabarani aukunje waya, ili mkunjo uonekane kwenye kioo cha kipimo.

Mkunjo ukaonekana.

"Haya, uachie!" fundi akafoka kwenye simu.

"Niachie nini? Hata mfuniko wa shimo sijafungua, mjinga wewe!"

Kwenye kioo, mkunjo ukasogea kuelekea kwa fundi. Ukasogea tena, ukaingia ndani ya jengo. Taa ikazimika. Ukutani kitu kikawa kinakwaruza, kikishuka taratibu.

"Acha upuuzi wako, shemeji!"

"Upuuzi gani? Mfuniko nimeukalia!"

Ndipo waya aliokuwa ameushika, katikati ya vidole vyake, ukakunjwa.