Sekunde Tano za Kujibu

"Nataka chumba chenye kitanda kimoja," alisema Dorota kwa sauti, tena katikati ya foleni ya duka la vitenge pale barabara ya Chaussée de Wavre, mtaa wa Matonge, Ubelgiji, Jumamosi saa sita mchana, watu wamebanana hata pa kutia mguu hapana.

"Vyumba vyote vinajaa, maman," sauti ya kiume ikamjibu nyuma yake. "Pita kesho."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dorota akachomoa vipokea sauti masikioni, uso umemwiva. Yeye alikuwa na koti la kijivu na skafu nyekundu, basi. Aliyemjibu alivaa koti la rangi ya haradali, shati jeupe pe, viatu vya ncha vilivyong'arishwa kama vya arusi. Jina lake Nday, fundi wa lifti, mtu wa Lubumbashi, na kuvaa alikuwa anajua, tumpe haki yake.

"Unasema na nani?"

"Na Mwingereza." Dorota akamwonyesha kimashine chake cha mp3. "Yeye anasema, halafu ananyamaza sekunde tano. Katika sekunde hizo lazima nijibu."

"Alors, leo Mwingereza apumzike. Mi njo nitakusemesha."

Msishangae. Dorota, Mpolandi wa Białystok, alikuwa akimtunza Bibi Hilde nyumbani kwake kule Evere, Mbelgiji wa miaka themanini na minne aliyezaliwa na kukulia Katanga, mkoa wenye Lubumbashi ya kina Nday. Uzee ulikuwa umemfutia Bibi Kiflemi, kisha Kifaransa, ukamwachia Kiswahili cha utotoni peke yake. Akitaka maji alisema "mayi", na asiposemeshwa kwa Kiswahili hali chakula. Dorota alitafuta kozi ya Kiswahili kwa Kipolandi mpaka akachoka. Akaambulia CD za Kiingereza, lugha ambayo nayo aliijua kwa kuungaunga, kwa hiyo kila neno lilimfikia likiwa limebadilisha basi mara mbili. Ila Mungu hamtupi mja wake: Kipolandi hukaza neno palepale Kiswahili kinapolikaza, na "r" ya Dorota ilibingirika kuliko ya mwalimu wake.

Shida ni kwamba Mwingereza yule alifundisha hoteli, bei ya nyanya na kuuliza njia. Mapenzi hakuyagusa. Na Nday, jamani, alikuja na mapenzi mazima mazima.

"Chérie, unaisha kukula?" alikuwa akiuliza kwenye simu, yaani umeshakula.

"Ndiyo."

"Na mi, unanikumbuka?"

Kicheko.

"Minakupenda, Dorota. Unanisikia?"

Kicheko tena, halafu, "Kwa heri."

Siku moja Nday akalalamika. "Kila siku unaniacha mu mulango. Mi minakusemesha na moyo, weye unacheka. Iko siku nitachoka."

Dorota alimpenda, tena sana. Lakini aliuonea haya ulimi wake. Aliogopa jambo kubwa vile lisije likamtoka kama mtu anayeomba chumba cha hoteli. Basi akafanya lile alilolijua. Bila kumwambia Nday akawa anarekodi simu zake, anazikata kwenye kompyuta, na baada ya kila sentensi anaacha kimya cha sekunde tano. Somo la kwanza, la pili, hadi la arobaini.

Jumapili moja ya Aprili 2009, Nday alifika Evere bila kupiga simu, mkononi samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni akaikuta sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kompyuta.

"Chérie, unaisha kukula?" Kimya.

"Minaisha," Bibi Hilde akaijibu, kijiko mdomoni.

"Minakupenda." Kimya.

"Aksanti," akasema Bibi.

Nday akamgeukia Dorota aliyekuwa akimlisha. "Donc, mi niko CD?" akauliza taratibu. "Maneno ya moyo wangu, unamulishia nayo bibi supu?"

Dorota akafungua mdomo. Kipolandi, Kifaransa, Kiingereza, vyote vikamkimbia. Kilichotoka ni sentensi ya somo la tatu la Mwingereza: "Samahani, sielewi."

Nday akamweka samaki mezani, akaondoka.

Wiki mbili simu haikulia. Alipopiga Dorota, haikupokelewa. Bibi Hilde naye, bila ile sauti, akaanza kusukuma sahani.

"Ule bwana iko wapi?" aliuliza kila mlo. "Unamufukuza?"

"Ndiyo, Bibi. Minamufukuza," Dorota akajibu, akalia palepale juu ya maganda ya viazi.

Jumamosi ya tatu alimwomba jirani akae na Bibi. Akavaa gauni la kitenge cha bluu ambalo tangu alinunue alikuwa akiogopa kutoka nalo, akapanda basi kwenda Matonge, masikio matupu. Saluni ya Mujinga, dada yake Nday, ilifurika wanawake na harufu ya mafuta ya nywele. Nday, kama kawaida yake Jumamosi, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alipomwona, akainuka atoke.

"Bakia," Dorota akasema. "Minakuya kusema. Leo sitacheka."

Vidole vilivyokuwa vikisuka vikasimama.

"Minakosa, Nday. Minakurekodi bila kukuuliza, na ile ni makosa yangu. Lakini haikukuwa juu ya bibi. Ilikuwa juu yangu, nijifunze kukujibu. Weye ulisikia masomo ya mwanzo tu. Sikia ya mwisho." Akampa kimashine.

"Twaa, bwana," Mujinga akamhimiza kaka yake. "Tuko na wateja."

Nday akavaa vipokea sauti. Dorota alijua anachokisikia: sauti yake Nday ikisema "Minakupenda, unanisikia?", na ndani ya zile sekunde tano, sauti ya mwanamke ikimjibu, "Minakusikia. Na mi minakupenda." Somo baada ya somo, kwanza kwa kugugumia, mwishowe kama mtu wa Lubumbashi. Uso wa Nday ukalegea kidogo kidogo.

"Hii ni ya lini?"

"Mwezi wa pili. Nilikujibu kila siku. Weye tu haukukuwa kwenye simu."

Nday akavua vile vipokea sauti. "Sasa niko hapa. Nijibu bila mashini. Minataka kukuoa, Dorota. Utakubali?"

Akanyamaza. Wanawake wakaanza kuhesabu kwa pamoja. "Un, deux, trois, quatre..."

"Minakubali," Dorota akasema kabla ya tano kufika, na vigelegele vikapasuka hadi wapita njia wakachungulia dirishani. "Lakini utaniomba kwa papa yangu, Białystok. Hajui lugha ingine, Kipolandi tu."

"Chérie, Kipolandi nitajifunzia wapi?"

"Iko CD," akasema Dorota. "Ya Kiingereza."

Jumatatu, katika basi 71 lililojaa watu wa kazini, fundi wa lifti mwenye koti la haradali, vipokea sauti masikioni, alifumba macho, akaomba kwa sauti, kwa Kipolandi, chumba chenye kitanda kimoja. Abiria wakageuka kumtazama.

"Kimebakia kimoja tu, bwana yangu," Dorota akamjibu nyuma yake, akimwegemea begani. "Cha watu wawili."