Maji Aliyoyamwaga Chuma

Kengele ya saa tisa alasiri ilipolia, wasichana wa darasa la sita hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walitupia vitabu mikobani, wakavuka barabara, wakaingia kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la saruji. Vijana wa mtaa ndio walioupiga rangi, kisha wakapatana na shule: watoto wasizurure barabarani, waje hapo kucheza, kusoma na kujifunza kushona mpaka wazazi watoke kazini. Mkuu wa mpango huo alikuwa mwanamke waliyemwita Kocha. Asubuhi alikuwa fundi cherehani, alasiri alipuliza filimbi, na nguo zake hazikukosa vipande vya uzi.

Mlinzi hodari wa timu ya netiboli alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Chuma. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hata akianguka vibaya vipi, hakutoa chozi. Walidhani ni ushujaa. Hawakujua kwamba nyumbani kwao aliyelia ndiye aliyeongezewa kipigo.

Baba yake alikuwa amefariki. Mama alifua mashuka hospitalini, akiondoka alfajiri na kurudi jioni amechoka hoi. Mchana nyumba ilikuwa mikononi mwa kaka yake, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwa na kazi wala subira. Siku hiyo adhuhuri, kabla ya kengele ile, Chuma alipokwenda nyumbani kula, alimkuta kaka ameshika shati lenye alama ya pasi kwenye ukosi.

"Nani kaniunguzia shati?"

"Nisamehe, kaka. Pasi ilikuwa..."

Hakumaliza. Mkanda ulimshukia begani, mgongoni, mikononi. Chuma alijikunyata kati ya kabati na ukuta, akafunika kichwa kwa mikono yake, akang'ata mdomo mpaka akaonja damu.

"Thubutu kumwambia mama!" kaka alisema akihema. "Utanitambua."

Chuma alivaa sweta juu ya sare, jua likiwaka vile vile, akarudi shuleni.

Alasiri kwenye mazoezi, bega lilimuuma kila alipoinua mkono. Mipira ikampita, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Rafiki yake Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa jeusi shavuni, hakujua kunyamaza kukiwa na nafasi ya mzaha.

"Chuma, leo umeota kutu nini?" Akampiga begani, palepale mkanda ulipopita.

Wasichana wakaangua kicheko. Kocha alipomtuma Kidoti kuleta mipira mingine kwenye chumba cha vifaa, Chuma alimfuata nyuma, akaufunga mlango.

"Rudia ulichosema."

"Ah, si utani tu jamani?"

Ngumi ya kwanza ilimpata Kidoti mdomoni. Ya pili ilimpata shavuni. Alijaribu kumshika Chuma mikono, akimwomba aache, lakini Chuma hakusikia kitu. Alimsukuma kwa nguvu zake zote. Kidoti akapepesuka, paji la uso likagonga ncha ya benchi la chuma, akaanguka chini, akatulia. Damu ikatiririka kutoka juu ya jicho, ikaingia kwenye nywele.

Hapo ndipo Chuma alipozinduka. Kidoti alipofumbua macho na kuanza kugumia, Chuma aliinama sikioni mwake.

"Umeteleza. Ukisema vingine, utanitambua."

Alishtuka kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, lakini hakuyarudisha. Pembeni kulikuwa na ndoo ya kudekia. Akamwaga maji sakafuni, kisha akafungua mlango na kupiga kelele: "Kocha! Kidoti ameteleza!"

Kidoti alipelekwa hospitali. Alishonwa nyuzi sita, na jino moja la mbele likang'oka. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Niliteleza," huku akitazama pembeni.

Kesho yake baba yake Kidoti, fundi mwashi mwenye kifua kipana, aliingia ukumbini kwa kishindo. Mwalimu mkuu alimfuata mbio akijaribu kumtuliza. Hakutulizika. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanamke aliyefanya usafi, ambaye watoto wote walimwita Shangazi.

"Ni wewe uliyeacha maji sakafuni? Mwanangu nusura apofuke!"

"Baba, mimi sikudeki chumba kile jana. Ndoo niliiacha pembeni, sijui..."

"Mwongo mkubwa!"

Alimkunja Shangazi kwa kola ya gauni, akambamiza ukutani. Ndoo ikapinduka. Watoto wakapiga mayowe. Kocha alimrukia, akaukamata mkono mmoja, lakini akatupwa kando kama mto wa kulalia. Mkono wa mwashi ukainuka juu.

Chuma aliuona ule mkono. Aliijua hali ya mtu anayesubiri ushuke. Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Usimpige!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi nilimpiga Kidoti, mimi nilimwaga maji!"

Mwashi akamwachia Shangazi, akageuka, akaja hatua mbili kubwa. Chuma hakukimbia. Aliporomoka chini akajikunyata, mikono juu ya kichwa, kama alivyozoea. Mikono ya sweta ikateremka hadi viwikoni, na michirizi ya mkanda ikaonekana, mingine mibichi, mingine imeshakuwa myeusi.

Mwashi alisimama. Aliitazama ile mikono midogo, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, akaushusha polepole.

"Nani amekufanya hivi, mwanangu?" Kocha aliuliza akipiga magoti.

Chuma, ambaye hakuwahi kulia mbele ya watu, alilia mpaka pumzi ikamkwama. Kisha akasema yote.

Jioni hiyo mwalimu mkuu, Kocha na afisa wa ustawi wa jamii walikwenda nyumbani. Kaka alikuja juu, akapiga teke kiti kikavunjika mguu, akamwendea Chuma mkanda mkononi mbele ya wageni wale wale. Mama, aliyekuwa ameingia dakika chache nyuma, alijitupa katikati. Pigo likampata yeye shingoni.

"Nipige mimi tena," mama alisema. "Alama nilikuwa naziona, nikajidanganya ni za michezo. Leo basi."

Kaka aliuangusha mkanda. Siku hiyo hiyo alihamishiwa kwa baba yao mdogo, mchomelea vyuma, akaanza kazi chini ya jicho lake. Kila wiki alitakiwa kuripoti kwa afisa, na haikuruhusiwa akae peke yake na mdogo wake. Mwashi naye alirudi ukumbini kumwomba Shangazi radhi mbele ya watoto wote waliomwona akimdhalilisha.

Chuma hakusalimika na adhabu. Alitolewa kwenye timu kwa wiki sita, na kila alasiri alimsaidia Shangazi kufagia na kudeki. Alikwenda na mama yake kuomba msamaha kwa kina Kidoti.

"Nimekusikia," Kidoti alisema, ulimi ukipita kwenye pengo. "Lakini bado nakuogopa. Usikae karibu yangu kwanza."

Maneno hayo yalimuuma Chuma kuliko mkanda. Alikubali.

Siku moja wakiwa wanakamua matambara, alimwuliza Shangazi, "Mbona hunichukii? Ungepigwa na kufukuzwa kazi kwa ajili yangu."

"Nilikukasirikia sana, mwanangu, nisikufiche," Shangazi alijibu. "Lakini nisikilize. Kupigwa hakukuwa kosa lako, na kusema si umbea wala si kumsaliti ndugu. Mwambie mwalimu, mwambie Kocha, na wa kwanza asipokusikia, mwambie wa pili. Kumpiga Kidoti kulikuwa kosa lako, hata kama ulikuwa na maumivu. Nalo lilitaka kusemwa. Siku ile uliyasema yote mawili, ndiyo maana leo watu wazima wanaweza kukusaidia."

Chuma alitikisa kichwa kukubali, akalitandaza tambara lake kwenye kamba. Mlangoni, mkoba begani, Kidoti alikuwa amesimama akiwatazama.

"Kocha anauliza kama mmemaliza," alisema. Akasita kidogo. "Anasema Chuma aje ahesabu magoli. Nami nikasema sawa."