Kiti cha Sugna katika Safari ya Gaya

Kiti cha nyuma kushoto kilikuwa kibichi. Hemraj alikuwa ameliosha gari jana yake, akaliacha uani milango wazi kutwa nzima, na jua la mwezi wa Bhadon halina mchezo. Viti vingine vyote vilikauka. Alikibonyeza hicho kimoja, akanusa vidole, kisha akaenda kunawa. Vilinuka samli na tangawizi kavu, harufu ya vyakula anavyopikiwa mzazi aliyetoka kujifungua, na chini yake kulikuwa na harufu ya damu.

Zilibaki siku nne kabla ya safari. Walikuwa wanakwenda Gaya, kwenye hekalu la Vishnu, kuwalisha wafu wa ukoo wao ili wapumzike moja kwa moja. Hemraj aliipanga kama mtu anayemwoza binti: siku ya kwanza watoke Kota walale Jhansi, ya pili Prayagraj, ya tatu wapitie Banaras na kuingia Gaya kabla ya machweo. Hata viti alivigawa. Mbele, kando ya dereva, ingekaa nazi iliyofungwa kitambaa chekundu, maana wafu husafiri ndani ya nazi hiyo na hupewa nafasi yao kamili. Nyuma kulia angekaa mkewe Kesar. Nyuma kushoto, mama yake Hemraj, Badami.

Aliyeililia safari hii ni Kesar. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, zote kabla ya miezi mitano, na mpiga ramli akasema kuna mfu wa nyumba hii hajatulizwa. Sasa alikuwa na ya tatu. Hakumwambia mtu, hata mumewe, kwa sababu zile mbili alizitangaza.

Kuhusu huyo mfu nitasema wazi, maana mtaa wote unajua, na mtaa wote ulikula chakula cha msiba ukanyamaza. Ni Sugna, mke wa kwanza wa Hemraj. Miaka minane iliyopita gari hilihili lilikuwa limeoshwa, limepakwa manjano, limevishwa shada na kubarikiwa kwa safari ya hekalu la Nathdwara. Sugna akashikwa na uchungu. Badami akasema damu ya uzazi itatia najisi gari lililobarikiwa, wamsubiri mkunga. Hospitali haikuwa mbali. Sugna aliteseka siku mbili, akafa na mtoto wake tumboni, na Hemraj muda wote huo alikuwa amekaa kizingitini na ufunguo mkononi kama mjinga.

Siku moja kabla ya kuondoka, adhuhuri, Badami alisimama mlangoni na mchele kiganjani kuwaalika wafu kwa majina. Aliita saba, akaanza kufunga kitambaa cha nazi.

"Mama," Kesar alinong'ona, "na Sugna?"

"Huyo hakutuachia hata mtoto. Si wetu."

Uani, gari likanesa. Halikuwa na mtu ndani, wala upepo haukuwepo, lakini lilinesa upande wa kushoto kama linavyonesa mtu mzito anapokaa, na kutoka ndani ikaja sauti ya chini ya kuguna, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena, vilevile kama mwanamke anavyoguna uchungu unapokuja na kuondoka, na kila ilipopanda tumbo la Kesar nalo lilikaza, mpaka akaushika mlango asianguke, na ile harufu ya samli na tangawizi na damu ikajaa ua mzima, ikaingia jikoni, ikaingia mpaka kwenye unga alioukanda kwa chakula cha njiani.

Hemraj akamkimbilia Devlal, mganga wa hekalu la mungu Bhairu. Devlal alikuja na matawi ya mwarobaini, akakaa chini kando ya mlango wa gari, akatikisika kidogo. Aliponena, sauti ilikuwa ya mwanamke aliyechoka.

"Nimekaa. Mbona hamnipeleki?"

"Unataka nini, Sugna?" Hemraj aliuliza.

"Kiti changu. Na aliyenizuia aseme kwamba alinizuia. La sivyo, mimba iliyomo nyumba hii itafuata zile mbili."

Hemraj akageuka kumtazama mkewe. Kesar aliinamisha kichwa.

Badami hakutetereka. Alisema alilinda heshima ya safari, na kwamba leo hii angefanya vilevile. Hapo Kesar alipandwa na hasira ambazo hakujua kama anazo. Alimpokonya mkwewe mchele, akausogelea mlango wa gari.

"Dada Sugna," akasema, "mimi nakuita. Kiti ni chako. Niachie mwanangu."

Kiti kikakauka mbele ya macho yao.

"Wewe nimekuachia," ile sauti ikasema. "Kwa huyu mzee nitajilipa mwenyewe. Atakayemwokoa, nitamchukulia mwanawe."

Devlal akazinduka, akaomba maji. Alipoambiwa alichokisema, hakutaka kukaa zaidi.

Asubuhi waliondoka. Badami alikaa katikati, akijibana asiguse kiti cha kushoto. Kabla ya kufika njia panda ya kutokea mjini alikunja uso. Kisha akapiga ukelele, mikono tumboni, miguu ikitanuka yenyewe, bibi wa miaka sabini na moja mwenye uchungu wa kuzaa.

"Nilimzuia," alisema akihema. "Nimesema, basi. Nilimzuia."

Uchungu haukuondoka. Hemraj alisimamisha gari. Kulia ni hospitali, lango lake lilionekana. Kushoto ni barabara ya Gaya.

"Kesar, niambie. Twende wapi?"

Badami alimng'ang'ania Kesar goti. "Mwanangu, nipeleke. Nakuomba."

Kesar alimhurumia, na angesema hospitali. Lakini mtoto akacheza tumboni, mara ya kwanza, jambo ambalo wale wawili wa kwanza hawakuwahi kulifikia. Akaweka kiganja pale, akangoja. Mtoto akacheza tena. Alimpenda kwa namna iliyomtia hofu.

Akaubandua mkono wa mkwewe kutoka gotini, kidole kimoja kimoja.

"Gaya," akasema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe.