Ufunguo wa Nyumba ya Barafu

Jumatatu, tarehe 3 Januari 1972, wakubwa wa serikali walituharibia kazi. Walikuja Nchelenge, kwetu kando ya ziwa, na gari, wakaniita mbele ya watu. Mukubwa mumoja akanipa ufunguo wa nyumba ya barafu, mahali pa kuweka samaki wasioze.

"Muzungu mwenye mali amekwenda," akasema. "Sasa biashara ya samaki ni ya wananchi. Wewe Kalaba ndiye kiongozi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika ufunguo tu. Kwa miaka kumi na tatu nilipima samaki kwenye mizani. Mashini ya barafu sikuigusa hata siku moja. Muzungu alifunga mulango kila alipoitengeneza.

Siku ya nne mashini ikafa. Samaki wakaoza. Wenzangu watano wa kazi wakaniangalia.

"Kiongozi, tufanye nini?" akauliza Chisenga.

Wakubwa walitupatia ufunguo, hawakutupatia akili ya kazi. Na hawakurudi.

Nyumbani hapakuwa na mutu wa kuniambia pole. Mke wangu Ennie alikufa mwaka uliopita. Yeye alikausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba. Mimi nilimucheka: "Moshi ni kazi ya wanawake. Mimi ni mutu wa barafu."

Sasa mutu wa barafu akawasha moto. Niliweka samaki wazima, wabichi, juu ya moto mukali. Jirani yangu akachungulia. Ni Mama Berthe, muuza samaki kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaïre.

"Baba Kalaba, unakausha samaki ama unachoma nyumba?"

"Mama, leo usinicheke."

"Nitacheka kidogo tu." Akavunja samaki mumoja. "Ona. Inje makaa, ndani maji. Kesho itaoza."

Akachukua kisu. "Pasua mugongo. Toa matumbo, osha, tia chumvi. Tundika mpaka maji iishe. Moto mudogo, moshi mingi. Halafu geuza, geuza tena."

Nikafanya.

"Na uite wenzako," akasema. "Kiongozi mwenye kuficha kazi, akienda, kazi inaenda naye. Si ulimuona muzungu wako?"

Kesho yake nikawaita. Kasonde, mumoja wao, akakunja uso. "Kazi ya wanawake?"

"Basi njaa yako ni ya wanaume?" nikamujibu. Wakacheka, wakashika visu.

Tulipatana hivi: kila mutu ajifunze kazi zote, kupasua, moshi, na kuuza. Kila mwezi kiongozi awe mwingine. Mwezi wa sita samaki wetu walifika Kitwe, mji wa migodi, kwa basi, wakavu, wazuri. Chisenga, mutu wa haya, alisimama sokoni akapanga bei na wanunuzi. Wakaomba samaki wengine.

Siku moja nikamuuliza Mama Berthe, "Nani alikufundisha kazi hii?"

Akaweka kisu chini. "Ennie. Hapa hapa, nyuma ya nyumba yako."

"Mbona mimi hakunifundisha?"

Mama Berthe akaniuliza neno moja.

"Wewe, ulimuulizaka hata siku moja?"