Msindikizaji Si Msafiri

Jamani, nyumba hii tuliipita kila siku na hatukuwahi kuisikia ikigomba. Kila asubuhi mume alipiga mluzi zizini, ng'ombe wakaachia maziwa, na mkewe akaketi kwenye cherehani akijua siku imeanza. Mume tulimwita Mluzi, mke tulimwita Fundi. Basi, asubuhi moja mluzi haukusikika.

Fundi alimkuta mumewe ameketi juu ya ndoo, anatetemeka na jua linawaka. Zahanati walimpima damu wakasema ni homa ya papasi, wale kupe wanaojificha kwenye nyufa za zizi. Nesi akampa vidonge vya siku kumi. Mluzi akauliza kama anaweza kutumia pia unga wa lishe anaouza dada yake.

"Tumia," nesi akasema. "Lishe itaisindikiza dawa. Ila vidonge umalize vyote, hata ukijiona mzima."

Neno hilo moja ndilo lililoleta balaa. Dada mtu alipolisikia alilidaka juu kwa juu.

"Umesikia, kaka? Kusindikiza! Kwani anayesindikiza si ndiye mwenye nguvu? Tangu lini mgonjwa akamsindikiza mzima?"

Roho ya Fundi haikutulia. Huyu wifi tangu lini akagawa kitu kwa moyo mweupe? Akalinusa lile kopo la unga alilolileta. Akaramba unga, ulikuwa mtamu. Akamwagia kuku, kuku akala, akamfuata kudai mwingine. Mluzi akikoroga kikombe chake, Fundi alikuwa amesimama mlangoni anachungulia.

Siku ya nne homa ikaondoka.

"Haya, sumu yangu iko wapi?" wifi akamwambia, mikono kiunoni. "Ulivyonikodolea macho, utadhani nimeiba!"

Fundi aliona aibu, lakini wasiwasi haukumtoka. Wahenga walisema wasiwasi ndio akili, nami siwapingi. Tatizo la Fundi ni kwamba macho yake yote yalikuwa kwenye kopo. Kila asubuhi alimwekea mumewe kidonge mkononi, mumewe akasema, "Nitakimeza kazini nikishakunywa chai," naye akaridhika.

Wiki iliyofuata aliliweka koti la kazi la mumewe kwenye cherehani, maana bitana ilikuwa imefumuka. Sindano ikagonga kitu, ka! Akafumua. Vidonge vya zahanati vikamwagika mapajani. Vilikuwa vimepenya kwenye tundu la mfuko.

"Baba watoto, hivi ni nini?"

Mluzi akatazama chini. "Dada alisema dawa mbili zinagombana tumboni. Na mimi nilishapona, mke wangu. Msindikizaji alinifikisha."

"Alikufikisha wapi?" Fundi akapiga kelele. Alikuwa na hasira, lakini zaidi aliogopa.

Kesho yake homa ikarudi, na safari hii haikuja peke yake. Shingo ilikakamaa, mdomo ukaenda upande. Walimpeleka hospitali kubwa kwa gari la maziwa, amelala katikati ya madebe. Fundi alilishika kopo njia nzima, na alipofika akalibwaga mezani kwa daktari.

"Lipimeni hili! Hili ndilo linaloniulia mume!"

Daktari akalisoma, akauliza na habari ya vidonge. "Mama, hii ni lishe tu, haina kosa. Homa hii huondoka ikarudi. Iliyokuwa ya kuimaliza ni ile dawa mliyoiacha njiani."

Wifi alikuwa mlangoni, analia. "Nilidhani namsaidia kaka yangu."

Mluzi alipona. Asubuhi ya kwanza nyumbani alikwenda zizini, akakunja midomo. Upande mmoja ulikuwa umelegea, ikatoka pumzi tupu. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama, akabana maziwa. Mluzi akajaribu tena, na tena, mpaka Fundi akaja akamshika bega.

FUNZO

Ndugu zangu, msindikizaji humfikisha mgeni njia panda, kisha hurudi nyumbani kwake. Msafiri ni dawa; lishe ni ya kumsindikiza tu. Usimwache msafiri ukamtuma msindikizaji. Homa ikikupa mgongo usiiamini, maliza vidonge vyako. Na mwenye shaka arudi kumuuliza aliyempa dawa, asiende kumuuliza kuku.