Ishushe Sura Yangu

"Ishushe!"

"Redempta, punguza sauti, kuna wateja."

"Nimesema ishushe hiyo picha, Modesti! Ishushe kabla sijapanda mwenyewe!"

Wateja wenyewe walikuwa vijana wawili waliokuja kuulizia picha za harusi yao, na yule binti alishaanza kumvuta mwenzake mkono waondoke. Nje, juu ya mlango wa studio, karibu kabisa na soko la Sumbawanga, lilikuwa linapepea bango jipya, kubwa kama shuka. Aliyekuwa kwenye bango ni Redempta. Si Redempta aliyependeza, hapana. Ni Redempta aliyepiga magoti kando ya kaburi la mama yake, kilemba kimeanguka, udongo mashavuni, kamasi zinamtoka. Chini yake maandishi mekundu: TUNANASA HISIA. HARUSI, UBATIZO, MISIBA.

Jamani! Mchumba wake mwenyewe! Tangazo la ndoa yao limeshasomwa kanisani mara mbili, halafu anamtundika barabarani!

Aliyempa habari ni Kauthar, rafiki yake, muuza vitenge wa duka la jirani. "Shoga, njoo mjini," alimwambia kwenye simu. "Sikwambii kitu, ila njoo sasa hivi." Redempta akapanda bodaboda kutoka Milanzi. Alipofika chini ya bango akamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu naye alilia vibaya, hebu mwone." Wakacheka, wakaendelea na safari yao ya sokoni.

"Hii ni kazi, mpenzi," Modesti alisema wateja walipotoka. "Ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Watu wanasimama, wanaiangalia, wengine mpaka machozi yanawalenga."

"Wanacheka! Nimewasikia kwa masikio yangu!"

"Baba yako mwenyewe ndiye aliyeniita kwenye msiba ule."

"Alikuita upige jeneza, padri na ukoo. Nani alikutuma upige kamasi zangu?"

Picha ileile ilikuwa imejaa kwenye kioo cha kompyuta nyuma ya Modesti. Redempta akaiangalia tena, na safari hii akayaona macho yake. Yalikuwa yanatazama moja kwa moja kwenye kamera. Akasogea karibu na kioo.

Siku ile ya mazishi, watu wakimvuta huku na huku, ilimfikia sauti moja tu: "Dada! Nitazame mimi!" Akainua uso, akamwona kijana asiyemjua. Ilikuwa kama kuna mtu amemkumbuka yeye, katikati ya watu wote waliokuwa wanamlilia marehemu. Kijana huyo alipokuja baadaye kumchumbia, Redempta hakuuliza ana nini wala anatoka ukoo gani. Alikuwa ameshampenda tangu pale makaburini.

"Modesti. Siku ile uliniambia nikutazame."

"Ndiyo."

"Ulinionea huruma, au ulitaka macho?"

"Redempta, tuyaache hayo."

"Nijibu!"

"Ulikuwa umeinamisha kichwa," Modesti alisema, akipangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi. "Uso ukiinama, picha inakufa. Mpiga picha yeyote angekuita."

Kofi alilopigwa lilisikika mpaka dukani kwa Kauthar.

"Muongeze na lingine!" Kauthar akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Mimi sijaona kitu!"

Jioni simu ya Redempta ikaanza kuita. Hakupokea. Zikaingia meseji.

"Bango nimeshusha. Picha nimeifuta kwenye kamera, kwenye kompyuta, kote. Nisamehe mke wangu."

"Mimi si mke wako."

"Sitakupiga tena picha ukilia. Naapa kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Redempta akaitupa simu kitandani, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma.

Kesho yake Modesti akafika Milanzi, akapiga magoti mbele ya Mzee Wilibrodi, baba yake Redempta, akaomba radhi. Alipoondoka, mzee akamwita binti yake.

"Kijana amekosa, na amekiri. Ng'ombe wameshaingia zizini, mwanangu. Utamkataa mtu kwa sababu ya picha?"

"Baba, ile ilikuwa siku yangu na mama. Yeye ameifanya biashara."

"Ameshaifuta. Unataka afanye nini tena?"

"Sawa, baba," Redempta akasema. Akamsamehe, au tuseme alijilazimisha, maana kumpenda bado alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jumapili walikwenda kanisani. Modesti alikuwa mbele na kamera yake, wazazi wa watoto wa ubatizo walikuwa wamemkodi. Misa ilikuwa ya kumwombea mama. Padri alipomtaja, "marehemu Dominika, mama wa familia," Redempta alijikaza, ikashindikana. Akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakashuka.

Klik.

Akageuka. Watoto wa ubatizo walikuwa upande wa kulia. Modesti alikuwa amechuchumaa upande wa kushoto, kwenye nguzo, na kamera inamtazama yeye.

Redempta akafuta uso, akasubiri mpaka wakati wa matangazo. Katekista, Mwalimu Isdori, akasimama na karatasi yake.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Modesti wa Izia anataka kufunga ndoa na Redempta wa hapa Milanzi. Mwenye kujua kizuizi amwone paroko."

"Ninakijua mimi."

Redempta alikuwa amesimama. Kanisa zima likageuka.

"Binti, kaa chini," Mwalimu Isdori akasema kwa upole. "Mambo hayo ofisini."

"Shikamoo, Mwalimu, unisamehe, lakini mimi nimeaibishwa mbele za watu, sisemi kwa kujificha. Mwambieni Modesti aonyeshe picha aliyopiga padri alipomtaja mama."

Modesti akaibana kamera kifuani. "Redempta, tutaongea nyumbani..."

"Nyumbani kwa nani?"

Mzee Wilibrodi akainuka kwenye benchi la wanaume. Akatembea taratibu mpaka kwenye nguzo, akanyoosha mkono. Modesti alisita, kisha akampa. Mzee akakisogeza kioo cha kamera karibu na macho yake mabovu. Binti yake alikuwa pale, kanga mdomoni, machozi mashavuni.

Akamrudishia kamera yake bila kumtazama.

"Mwalimu Isdori," akasema, "hilo tangazo lifute."