Kiboksi Kisicho na Feni

Kiboksi kilikuwa kinapumua.

Bi Harusi alisimama koridoni, kikombe cha chai mkononi, akatega sikio. Pumzi iliingia, ikakaa kidogo, ikatoka. Alifungua kabati la viatu alimokuwa amekiweka, akainama. Kimya. Akafunga mlango wa kabati, akapiga hatua, na pumzi ikaanza tena.

"Ni feni tu hiyo," mumewe alisema kutoka mezani, bila kuinua macho.

"Hakina feni. Ndiyo maana nikakinunua."

Alikuwa mhariri wa video za harusi. Kazi aliifanyia nyumbani, na mtaa mzima ulimwita Bi Harusi ingawa yake ilishapita zamani. Mumewe aliuza dawa kwenye duka la dawa karibu na soko, naye aliitwa Dokta, maana watu wakishaona koti jeupe hawaulizi cheti. Diski zenye harusi za watu zilijazana ndani ya droo kama vitunguu gengeni. Siku diski moja ilipokufa na harusi nzima ya watu ndani yake, mteja alilia kwenye simu mpaka Bi Harusi naye akalia. Hapo ndipo alipoapa kutafuta seva ya nyumbani: mashine moja ya kukaa macho muda wote, iliyoungwa na mtandao wa nyumba, yenye diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki na nakala.

Alichagua kwa makini kama mtu anayechagua mchumba. Kompyuta kubwa za kusimama zilikuwa na nafasi ya diski nyingi, lakini zilikula umeme, tena zingekaa wapi katika nyumba ndogo vile? Laptopu yake kuukuu ilikuwa na betri iliyovimba kama shavu la mwenye jino bovu. Vile vibodi vidogo vya kompyuta, vya ukubwa wa kitambulisho, vilimvutia, ila video zake zingevielemea. Visanduku vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo vilikuwa vizuri, na wauzaji walijua kuwa ni vizuri. Mwisho fundi wa kompyuta alimtolea kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika ofisini, nene kama kamusi, ganda lake lote la chuma chenye mifereji ya kutolea joto. Kelele hakuna, umeme inaonja tu, diski mbili zinaingia.

"Hiki utasahau kama unacho," fundi alisema.

Alikiweka kwenye kabati la viatu, karibu na ruta ya intaneti, akamfungulia kila mtu wa nyumbani folda yake: yeye, Dokta, na mama mkwe, aliyehamia kwao tangu nyonga ilipoanza kumsumbua. Simu zao zilijihifadhia humo picha na jumbe za sauti zenyewe, bila mtu kugusa kitu. Hakuna kupoteza tena, alijiambia.

Baada ya pumzi ikaja harufu. Harufu ya nywele zilizoungua, hafifu, palepale koridoni.

"Mwanangu, unachoma nini?" mama mkwe aliuliza.

"Sichomi kitu, Mama. Nilidhani ni wewe."

"Mimi nichome nini?"

Walitazamana kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha kila mmoja akaenda zake.

Alasiri moja Bi Harusi alikuwa akitafuta kipande cha video kilichopotea, akaangukia kwenye folda ya mumewe. Humo mlikuwa na ujumbe wa sauti. Alidhani ni kosa la kuhifadhi, akaufungua ili ajue ni wa nani. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ya chini, ya siri.

"Mwanangu, huyu mke anamaliza jasho lako bure. Tumbo tupu, na nyumba imejaa harusi za wenzake."

Bi Harusi alivua vipokea sauti masikioni taratibu. Chumba cha pili mama mkwe mwenyewe alikuwa akishona kifungo, akiimba puani, kama mtu asiye na deni na yeyote. Angemuuliza vipi bila kukiri kwamba alifungua folda isiyo yake? Aliifunga ile folda. Lakini tangu hapo kila "pole na kazi, mwanangu" aliigeuzageuza kama mtu anayenusa nyama ya juzi.

Aliyezoea kuchungulia haachi. Siku chache baadaye alikuta sauti ya Dokta, akimwambia mtu asiyejulikana huku akicheka: "Nivumilie kidogo. Yeye ana kazi ya kutazama ndoa za watu. Ya kwake haitazami."

Jioni ile alimsubiri mpaka mama mkwe akaingia kuoga.

"Ulikuwa unaongea na nani?" alinong'ona.

"Lini?"

"Unajua lini."

Dokta alimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumwona nalo. "Mke wangu, mwenye kuongea na watu humu ndani si mimi," alisema, naye akinong'ona. "Tuache hivyo hivyo."

Wakaacha hivyo hivyo. Dokta akaanza kulala ameupa ukuta uso. Mama mkwe akaanza kujipikia, na nyonga yake ile, akisimama jikoni kwa kushika meza. Chai ya mkwewe hakuigusa tena. Bi Harusi akiingia jikoni, mama mkwe alifunika sufuria. Nyumba ikawa na adabu sana. Shikamoo, marahaba, ahsante, karibu, na chini ya kila neno jiwe.

Kisha ikanyesha mvua, na umeme ukakatika wakati wa magharibi.

Wote watatu walitoka vyumbani kwa wakati mmoja kutafuta mshumaa, wakakutana koridoni, kila mmoja na mwanga wa simu yake, na mwanzoni hakuna aliyeshangaa kwamba kitaa kidogo cha kijani cha kiboksi kilikuwa bado kinamulika kupitia ufa wa kabati, mpaka Dokta alipoinama kuchomoa waya, akauchomoa, akaushika mkononi, na kitaa hakikuzimika, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ikawakaba koo, na pumzi ile, ambayo kila mmoja alidhani anaisikia peke yake, ikaongezeka kasi kama ya mtu anayepanda ngazi kuja juu, kisha ikageuka maneno, na maneno yakawa sauti, sauti ya mwanamume na za wanawake wawili, zikisengenyana, zikicheka, zikiitana mke wangu na mwanangu na Mama, sauti zao wenyewe, wakati wao watatu wamesimama pale, vinywa vimefumbwa, wakimulikana nyuso.

"Mungu wangu," mama mkwe alisema, na ndani ya kabati sauti yake ikasema pamoja naye.

Walikimbilia chumbani, wakafunga mlango, wakakaa kitanda kimoja.

"Hiyo sauti yako," Dokta alimwambia mkewe. "Nilishaisikia kwenye folda zetu. Mama pia. Nilimwonyesha." Akafungua simu. Bi Harusi akajisikia mwenyewe akisema, kwa utulivu mkubwa: "Nikitia vidonge vya dukani kwake kwenye chai ya mama yake, nani atajua?"

"Sijasema hayo! Wallahi sijasema!"

"Ipo na nyingine." Akaibonyeza, na sauti ile ile ya mkewe ikasema:

"Heri huyu mama afe, nipate chumba cha kufanyia kazi."

Bi Harusi alifungua mdomo kukana, akaufunga. Hilo hakulitamka kwa mtu yeyote. Lakini siku moja, akiwa na kompyuta magotini na mgongo unauma, lilimpitia kichwani, neno kwa neno.

"Na hilo si langu," alisema. Sauti yake ilichelewa kidogo. Kisha naye akawasimulia aliyoyasikia kwenye folda, la tumbo tupu na la Dokta.

Asubuhi alikwenda kwa fundi. Fundi aliposikia hakubisha, alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Kilitoka ofisi iliyovunjika," alisema. "Wenye ofisi walikuwa marafiki tangu shule. Wakaishia mahakamani. Hata kuuza vifaa, kila mmoja alikuja kivyake na kuniomba nisimwambie mwenzake. Dada, nirudishie chochote ila hicho."

Mama mkwe ndiye aliyemjua wa kumwita: muuguzi mstaafu ambaye watu walimwita Mama Kimya, aliyetibu waliopandwa na majini kama alivyowahi kutibu wenye homa. Alikuja mchana, akaomba kiti, akakaa mbele ya kabati lililo wazi. Alikigusa kiboksi kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima joto la mtoto.

"Jini wa fitina," alisema. "Huyu hana akili ya kutunga. Anaokota. Anachukua neno lako moja la kweli, lile ulilolificha, anashonea uongo juu yake. Lile neno ndilo mlango wake. Kila mwenye lake alitoe hapa, mbele ya anayehusika. Asiye nalo anyamaze. Ila asidanganye."

Pumzi ya kiboksi ikasikika wazi, ya pupa.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. "Lile la tumbo tupu ni langu," alisema akitazama sakafu. "Sikumwambia mwanangu. Nilijisemea tu nikinawa uso. Lakini nilisema."

Bi Harusi alihisi machozi, akayaacha. "Na mimi nilitaka ufe, Mama. Nilitaka chumba."

Kiboksi kililia. Kililia kwa sauti zao mbili kwa pamoja, kali kama chuma kinachokwaruza kigae, kisha zikakatika. Mama mkwe alinyoosha mkono, akashika kidole kimoja cha mkwewe, kimoja tu, akakishikilia.

Mama Kimya akamgeukia Dokta.

"Mimi sina," Dokta alisema. "Yangu yote ni ya uongo."

"Nilichosema umekisikia?"

"Nimekisikia."

Mwanamke yule alimtazama muda mrefu. Kitaa cha kijani kikazimika. Pumzi ikakoma. Harufu ikaisha kana kwamba mtu amefungua dirisha, naye Mama Kimya akainuka akijifunga mtandio.

"Kwenye kiboksi ametoka," alisema, akaenda zake.

Walikivunja kwa nyundo uani, diski na yote, wakatupa vipande jalala la mbali. Bi Harusi akaanza kazi ya kuwapigia wateja, mmoja mmoja, waje na diski zao wachukue nakala kutoka zile za kwenye droo. Kazi ya kijinga, lakini aliifanya akipiga mluzi. Yeye na mama mkwe walipika pamoja tena. Mwanzoni walikuwa na haya, kisha wakazoea, mpaka siku moja bibi yule akapaza sauti kutoka mezani: "Sijafa bado, niletee chumvi!" na wote wawili wakacheka hadi wakashika mbavu.

Dokta naye alichangamka. Alirudi mapema kutoka kazini. Alilala amemgeukia mkewe. Aliuliza habari za kila mtu, nani kasema nini, nani kaudhika, na alisikiliza majibu kwa makini ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Jumapili moja Bi Harusi alirudi kutoka sokoni kabla ya kutarajiwa. Mlangoni alimkuta mama mkwe amesimama bila viatu, kiganja kimeziba mdomo, akimwonyesha kwa macho asitie mguu chini kwa kishindo. Wakachungulia pamoja.

Dokta alikuwa amekaa kwenye stuli koridoni, ameuelekea ukuta mtupu. Simu yake ilikuwa mezani, inachaji.

"Ndiyo," alisema taratibu. Kisha akanyamaza, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumaliza. Akacheka chinichini.

"Hapana," akasema. "Wao bado hawajajua."